Tangazo Ambalo Bi Hilaria Hakulisoma

Risala ya Kamati ya Mazishi na Sherehe, Kwa Sadala, siku ya kufungua banda la kamati. Msomaji: Monica Ndelilio, katibu.

Mgeni rasmi, Bi Hilaria Melkior, uliyeingia sebuleni kwetu kila jioni kwa miaka ishirini na moja bila kukaribishwa hata kikombe cha chai: leo karibu, na chai ipo.

MAKARIBISHO

Tumefurahi mpaka tumepitiliza. Akina mama wamemenya ndizi tangu alfajiri, na waliomaliza kumenya wakaanza kumenya za kesho kwa kukosa utulivu. Mzee Ezra, mwenye mgahawa ule wa pembeni, amevaa koti ambalo hatujaliona tangu aozeshe binti yake wa mwisho. Watoto walitumwa barabarani kukungoja saa tatu, ilhali ratiba inasema saa tano, na mara nne walirudi mbio wakipiga kelele kuwa umefika. Mara zote nne ilikuwa gari la maziwa.

Mwenyekiti wetu, Sifael, alikuambia kwenye simu kwamba tunakuita kukata utepe wa banda hili. Hakusema uongo. Utepe upo, mkasi upo, na bati ni jipya kama unavyoliona. Lakini kuna jambo la pili ambalo hakulisema, nasi tumelitunza miezi miwili. Mgeni rasmi, kutunza siri miezi miwili hapa penye soko ni kazi kuliko kuchimba mtaro kwenye mwamba. Mwenzetu Veronika, anayeuza maharage, amekiri kwamba mara mbili alikaribia kulimwaga pamoja na kipimo. Leo tunalisema lote. Tunaomba utuvumilie, kwa sababu tutaanza mbali.

HISTORIA, KWA AJILI YA WATOTO WALIO HAPA

Watoto waliokaa mbele hapa wengi hawakukumbuki vizuri. Hivyo ruhusu tukusimulie kana kwamba hupo, na tukuite Hilaria, kama mama yako alivyokuita. Mengine tumeyapata kwa Fabian, mpiga picha aliyefanya kazi nawe miaka yote. Tukikosea, mshike yeye.

Hilaria alizaliwa Kibosho, akamaliza darasa la saba, akajifunza kupiga chapa kwa mashine ya kuazima. Mwaka 2001 akapata kazi ya ukarani Televisheni Uwanda, ambayo wakati huo ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vipuri mjini Moshi. Kazi yake ilikuwa kuchapa habari ili wengine wazisome. Lakini alikuwa na tabia moja: kila alichokichapa alikisoma kwa sauti, taratibu, kidole kikifuata mstari, ili makosa yajitaje yenyewe. Kwao alikuwa msomaji wa masomo kwenye jumuiya ya kanisa, na hakujua njia nyingine ya kusoma.

Siku moja msomaji wa habari alihamia Dar es Salaam bila kuaga. Mkurugenzi akiwa anazunguka kwa wasiwasi kwenye ukumbi, akasikia sauti nyuma ya mlango.

"Nani anasoma humo?"

"Ni mimi, bosi. Najikagua."

"Basi toka uje ujikague mbele ya kamera."

Ndivyo alivyoanza. Hakuna chuo kilichomfundisha. Alijifundisha mwenyewe, jioni baada ya jioni, kwa kusikiliza redio na kwa daftari la kurasa mia mbili alilolijaza majina. Akisikia jina la kijiji asilolijua, cha Rombo au Siha, alikuwa akishuka ngazi mpaka stendi kumtafuta mtu wa huko amtamkie. Fabian anasema makondakta walimzoea. Walikuwa wakimwona tu wanapaza sauti: "Dada wa habari kaja! Nani anatoka Useri huku? Njoo uhojiwe!"

Jambo la mwisho kwenye historia hii ndilo kubwa. Matangazo ya vifo yalisomwa mwishoni mwa taarifa, na yalikuwa yanafika mezani kwa karatasi, baadaye kwa simu. Hilaria hakusoma hata moja kabla ya kupiga simu nyumbani kwa wafiwa. Yakiwa mawili alipiga mbili, yakiwa kumi na moja alipiga kumi na moja. Aliuliza jina la marehemu linavyotamkwa, aliuliza nyumbani aliitwaje, alitoa pole, alikata simu, alitia alama ya vema kwa kalamu nyekundu. Pasipo alama nyekundu, hakusoma.

Fabian alimwambia siku moja, "Dada, unajichosha. Si karatasi hii hapa? Imeandika kila kitu."

Akamjibu, "Karatasi haimjui aliyefiwa."

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, tukiorodhesha yote, wali utapoa. Tutaje machache.

Wewe Mkatoliki wa Kibosho uliwanyamazisha Walutheri wa Machame. Hilo halijawahi kutokea, hata kwenye mpira. Ilipofika saa moja na nusu jioni, Mzee Ezra aligonga sufuria kwa mwiko: "Nyamazeni, mwenzenu anaingia!" Na watu walinyamaza, wakiwemo waliokuwa wanabishana.

Veronika alikuwa akikamua ng'ombe wake wakati huohuo, televisheni ya jirani ikiwa imefunguliwa sauti. Anaapa kwamba ng'ombe yule alizoea, na siku umeme ukikatika alikuwa anabana maziwa. Mumewe anasema ni ng'ombe mkaidi tu. Sisi hatuingilii.

Mwaka ule mvua zilipobeba daraja, watoto wetu thelathini na wanane walilala shuleni ng'ambo ya mto. Hilaria alisoma majina yao moja moja, yote thelathini na nane, akianza na mdogo. Mama mmoja pale mgahawani alikuwa amesimama tangu mchana. Jina la mwanawe liliposomwa ndipo alipokaa. Ezra alimletea mtori, supu ya ndizi, bila kuagizwa.

CHANGAMOTO, AMBAYO NI SISI WENYEWE

Hapa, mgeni rasmi, katibu ameombwa asome polepole.

Ijumaa ya tarehe 16 Desemba 2022, mchana, ilifika habari kwamba Jacob, kijana wetu aliyekuwa akifanya kazi Mwanza, amefariki. Kihamba cha kwao, shamba la ukoo lenye nyumba na makaburi, kiko hapa Kwa Sadala, na ndipo angezikwa. Baba yake alishatangulia. Mama yake, Mama Hellen, hakuwepo nyumbani. Alikuwa Shirimatunda kwa binti yake Kindness aliyekuwa amejifungua siku tisa kabla, akimpikia mtori na kumkanda, kama ilivyo wajibu wa mama.

Kamati ilikaa upesi. Wengine walipewa turubai, wengine kuni, wengine gari la kwenda kupokea mwili. Katibu aliandika tangazo, akalituma Televisheni Uwanda ili ndugu na marafiki walisikie jioni ileile, maana Jumamosi na Jumapili hakuna taarifa ya habari, na maziko yalikuwa Jumatatu. Mwishoni aliandika, kama ulivyotaka siku zote, namba ya simu ya mama wa marehemu, na kwamba yuko Shirimatunda.

Mgeni rasmi, kila kazi ilikuwa na mtu wake, isipokuwa moja. Wazee wa ukoo walidhani akina mama wa kamati wamekwenda Shirimatunda kumwambia Mama Hellen. Akina mama walidhani wamekwenda wazee, kwa kuwa kwetu habari ya namna hiyo hupelekwa na wazee, wakiwa wawili au watatu, na huanza kwa kukaa kwanza. Hakuna aliyekwenda. Hakuna aliyeuliza.

Saa moja kasorobo jioni, Hilaria alipiga simu. Fabian alikuwa amekaa karibu naye akifuta lenzi, na haya ndiyo aliyoyasikia. Upande wa pili ametusimulia Mama Hellen mwenyewe.

"Shikamoo mama. Naitwa Hilaria, wa Televisheni Uwanda."

"Marahaba! Wewe wa kwenye habari? Kindness, njoo usikie, ni yule dada wa habari! Jamani, umepata wapi namba yangu? Jacob ndiye amekupa?"

Hilaria alikuwa ameshika kalamu nyekundu. Fabian anasema aliilaza juu ya meza taratibu kama kitu kinachoweza kuamsha mtoto.

"Jacob yuko wapi, mama?"

"Yuko Mwanza, kazini. Anakuja Alhamisi. Nimeshamtengea mkungu wake kule nyumbani, ndizi anazozipenda, nimewaambia wasiuguse. Akija nitamwambia umepiga."

Fabian aliona macho ya Hilaria yamehama kutoka kwenye karatasi yakaenda dirishani. Kilichopita moyoni mwake yeye ndiye anajua. Sisi tunajua alichosema.

"Nilikuwa napiga kuuliza tu, mama, kama huko Shirimatunda mnatuona vizuri. Picha haikatikatiki?"

"Mnaonekana vizuri kabisa! Na leo nakuangalia, mjukuu akilala."

"Mjukuu hajambo?"

"Hajambo, ananyonya kama ndama."

"Mungu amkuze, mama. Asante, aika mae."

Akakata. Kisha alimpigia mwenyekiti wetu Sifael mara tatu. Simu ya Sifael ilikuwa imezimika chaji, kwa kuwa alikuwa ameitumia mchana kutwa kutafuta turubai. Alimpigia katibu. Katibu alikuwa kwenye kelele za watu, hakusikia. Saa ikagonga. Hilaria akampigia mchungaji wa usharika wa Shirimatunda, akampa jina na habari ya Jacob, akamwambia maneno machache: kwenye usharika wako yupo mama anayehitaji watu wa kukaa naye leo, kabla hajaambiwa na barabara. Kisha akaingia, akasoma habari. Mwishoni akasoma vifo saba. Jacob hakuwemo.

Sisi tulikuwa hapa kwa Ezra, tumejazana mpaka mlangoni. Aliposema usiku mwema, hatukuamini.

"Amemruka!"

"Labda hawakupata."

"Wamepata. Katibu ana jibu lao kwenye simu. Wamepata."

"Angekuwa mtu wa Kibosho angesomwa wa kwanza."

Mgeni rasmi, neno hilo la mwisho lilisemwa. Tungeweza kuliacha nje ya risala. Aliyelisema yupo hapa, na ndiye aliyetaka lisomwe.

Jumatatu tulimzika Jacob. Mama Hellen alikuwa amekwisha kuambiwa na mchungaji na akina mama wawili, Ijumaa ileile saa tatu, Kindness akiwa amembeba mtoto. Sisi tukadhani mchungaji alitumwa na wazee. Wazee wakadhani alitumwa na sisi. Lakini vijana waliosoma na Jacob, na wale waliocheza naye mpira, hawakusikia. Walifika wakati wa Krismasi wakiwa na zawadi, wakaoneshwa msalaba. Hilo lilituuma, na mtu aliyeumwa hutafuta wa kumkabidhi maumivu yake.

Tarehe 28 Desemba tuliandika barua kwa mkurugenzi wa Televisheni Uwanda. Ilikuwa na sahihi arobaini na tatu. Tulisema Hilaria ametudharau, na tukaomba asisome tena. Mkurugenzi alimwita, akamwonesha barua.

"Ni kweli tangazo lilifika?"

"Lilifika."

"Nani aliliweka pembeni?"

"Mimi."

"Kwa sababu gani?"

"Niliona hivyo."

Fabian alikuwa mlangoni, alitaka kuongea, Hilaria akamtazama akanyamaza. Huko nje akamwambia: "Nikieleza, wale watu watajulikana mkoa mzima kuwa walimsahau mama wa marehemu. Watakaaje na yule mama? Wao wana kihamba kimoja, hawana pengine pa kwenda. Mimi nina cherehani."

Akaambiwa apumzike. Tangu Januari 2023 anashona sare za shule nyumbani kwake Soweto, mjini Moshi. Wengine wetu tumemwona pale, tukavuka barabara.

Vijana wanaosoma habari sasa ni vijana wazuri, hatuwasemi vibaya. Wanasoma upesi, wanapendeza. Matangazo wanayasoma kama yalivyofika. Na mengine hayangoji hata saa moja na nusu: mwaka jana Veronika alijua kifo cha kaka yake kwenye kundi la simu, akiwa amejaza kipimo cha maharage mkononi, mteja akingoja. Alisema maharage yale alimaliza kuyapima, kwa sababu mikono haikujua ifanye nini kingine.

JINSI TULIVYOJUA

Agosti mwaka huu tulikuwa tunajenga banda hili. Akina mama walikuwa wanapika machalari, ndizi na nyama, ya mafundi, na mtu akawasifia vijana wa habari. Mama Hellen, aliyekuwa akikoroga, akasema bila kuinua kichwa:

"Mimi nampenda yule wa zamani. Ana adabu yule. Siku ile ya Jacob alinipigia kuuliza kama picha inaonekana vizuri, akamuulizia na mjukuu."

Sifael alikuwa juu ya dari na nyundo. Akaacha kugonga.

"Siku ile ipi, mama?"

"Ile Ijumaa. Jioni, kabla ya habari."

"Kabla ya habari? Kabla ya mchungaji?"

"Kabla ya mchungaji. Mbona mmenyamaza?"

Sifael alishuka ngazi. Alikaa kwenye tofali na kuhesabu saa kwa vidole, mara mbili, kama mtu anayetaka hesabu imkatae. Kesho yake watu watatu walikwenda Moshi kwa Fabian. Alituambia, "Nimengoja mje kwa karibu miaka mitatu."

Tuliogopa kumweleza Mama Hellen. Tulikwenda wazee na akina mama, safari hii wote, tukakaa kwanza. Tulimwambia kuwa tulimsahau. Akasema: "Kwa hiyo ningelisikia kwenye televisheni, nikiwa na kichanga mapajani na mzazi wa siku tisa pembeni." Hakutulaumu. Ingekuwa nafuu angetulaumu.

MAOMBI

Mgeni rasmi, sasa turudi kwako uso kwa uso.

Tarehe 3 Septemba tulimpelekea mkurugenzi barua ya pili. Tuliifuta ile ya kwanza, tukaeleza kosa ni la nani. Ina sahihi arobaini. Watatu kati ya wale wa mwanzo wametangulia mbele ya haki. Tunajua uliinyamazia habari hii ili tusiaibike, nasi tumejiaibisha wenyewe bila kukuomba ruhusa. Tusamehe na hilo. Mkurugenzi amejibu, na jibu lake Sifael analo mfukoni, amelishika tangu asubuhi mpaka limelowa jasho. Linasema kiti cha saa moja na nusu ni chako kuanzia siku utakayosema wewe. Linasema pia kwamba vijana wale wanaomba uwafundishe kupiga simu.

Ombi letu ni hilo. Rudi utusomee habari. Na kabla ya hilo, utusamehe.

Kwenye kikao cha mwisho, Mzee Ezra alitaka tuje mbele yako na sale, jani la mpakani. Watoto, anayeletewa sale kuombwa msamaha hawezi kukataa, hata kama ni ndugu yake aliyeuawa. Ndivyo mila inavyosema. Tulikubali wote, na panga likatafutwa. Mama Hellen ndiye aliyesimama.

"Mlimfunga mara ya kwanza kwa karatasi. Sasa mnataka kumfunga kwa jani?"

Ezra akasema, "Mama, si kumfunga. Ni heshima."

"Heshima ni kumwacha achague. Yeye aliniacha na saa zangu mbili za mwisho za kumngoja mwanangu. Hakuninyang'anya. Na nyie msimnyang'anye ndiyo yake wala hapana yake."

Hivyo sale hatukulikata. Lipo mpakani kwa Ezra, linaota. Tumesimama mbele yako mikono mitupu, na jibu lako ni lako kweli. Likiwa ndiyo, akina mama wana vigelegele vya kutosha mpaka Bomang'ombe watasikia. Likiwa hapana, tutakula pamoja vilevile, utakata utepe vilevile, na mbuzi uliyeandaliwa utaondoka na paja lake. Ukitaka kufikiri mwezi mzima, fikiri. Hatutakupigia kukuharakisha.

Mungu akujalie afya, aibariki nyumba yako ya Soweto na sindano yako, awalaze pema Jacob na wale wenzetu watatu, na atupe sisi tuliobaki subira ya kuuliza kabla ya kukasirika.

Ni sisi walewale wa barua ya kwanza,

Kamati ya Mazishi na Sherehe, Kwa Sadala, Wilaya ya Hai.